Deni la Uzuri: Blanketi la Viraka na Swali la Stara Katika Karagwe na Kyerwa

Swali linalochunguzwa hapa ni la kale katika falsafa na katika dini, ingawa mahali linapojitokeza ni pa kila siku: je, mtu anayeshona kitu cha kumfunika mwenzake anawajibika kukifanya kiwe kizuri, au wajibu wake hukoma pale kitu hicho kinapoweza kuzuia baridi? Blanketi la viraka, yaani funiko zito linaloundwa kwa tabaka tatu, uso uliounganishwa kwa vipande vingi vya kitambaa, ujazo wa kutunza joto katikati, na bitana upande wa chini, hulifanya swali hilo lisikwepeke, kwa sababu kila anayelishona hulazimika kuamua kipande kipi kikae kando ya kipi, na hata asiyetaka kuchagua huwa ameiachia bahati imchagulie.

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012, swali hili lina uzito ambao pengine lisingekuwa nao Tanga au Mtwara. Sehemu kubwa ya nchi hii ni vilima na nyanda zilizo kati ya mita 1,200 na 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Juni na Julai una baridi ya kweli na asubuhi ukungu hutanda juu ya migomba mpaka jua lipande, hivyo mtoto mchanga, mzee na mgonjwa hawawezi kulala salama kwa shuka moja. Funiko katika mazingira hayo ni sehemu ya uhai, na ndiyo maana mtu makini anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, kama inafaa kuzungumzia rangi kabla watu wote hawajapata joto.

Malighafi ya blanketi hilo ipo karibu. Kwenye baraza za maduka ya Kayanga, Omurushaka, Nkwenda, Isingiro na Kaisho mafundi cherehani hushona magauni ya vitenge, suti za harusi na sare za shule, na chini ya kila cherehani hubaki vipande ambavyo ni vidogo mno kuwa nguo, lakini ni vikubwa vya kutosha kuwa kiraka. Vitenge huacha mabaki yenye michoro mikubwa na rangi kali, ilhali sare huacha mabaki yasiyo na michoro, bluu, kijani, kaki na meupe, na mchanganyiko huo wa vitambaa vyenye kelele na vitambaa vilivyotulia ndio hasa anaouhitaji mshonaji wa viraka, kama itakavyoelezwa mbele. Ujazo nao hauna haja ya kununuliwa mjini Bukoba au Mwanza, kwa kuwa blanketi kuukuu lililochanika kingo, au masweta ya mitumba yaliyokatwa na kutandazwa bila kupandana, hutunza joto vizuri.

Inafaa kukumbuka pia kwamba kiraka katika ukanda huu kina umri mkubwa kuliko pamba. Kabla ya vitambaa vya kufumwa kuenea, watu wa nchi za magharibi ya Ziwa Viktoria walijifunika ngozi za ng'ombe na magome ya miti, na gome lililofaa zaidi lilikuwa la mti uitwao mutoma, ambao ni wa jamii ya mkuyu. Gome hilo lilibanduliwa, likalainishwa kwa maji au mvuke, kisha likapigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka likapanuka na kuwa laini kama kitambaa. Lakini mti una matawi, na kila palipokuwa na tawi palibaki tundu, kwa hiyo fundi alikata kipande cha gome lile lile na kukishona juu ya tundu kwa mkono, na ufundi wake ulipimwa kwa namna kiraka kilivyokaa sawa bila kukunja uso wa vazi. Katika ufalme jirani wa Buganda, ambako ufundi huo ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, vazi la gome lilitumika katika ibada za kifalme na lilimsindikiza marehemu kaburini likiwa na viraka vyake, bila yeyote kudhani kwamba viraka vinampunguzia heshima aliyefunikwa.

Pamba ilifika kwa misafara. Novemba 1861, John Hanning Speke na James Augustus Grant walipopokelewa na Mukama Rumanyika, yaani mfalme wa Karagwe, wafanyabiashara kutoka pwani na Tabora walikuwa tayari wana kituo chao Kafuro, si mbali na ikulu ya Bweranyange, na bidhaa zao kuu zilikuwa shanga, nyaya na nguo. Nguo iliyosifika kuliko zote wakati huo ilikuwa merikani, kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi, kilichofumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani kwa pamba ambayo, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, ililimwa kusini mwa nchi ile na Waafrika waliokuwa watumwa. Jambo hilo halipaswi kupitwa haraka, kwa maana linaonyesha kwamba kitambaa hakifiki popote kikiwa hakina historia, na kwamba mtu anayekiokota kipande chini ya cherehani anaokota pia kazi ya mikono ambayo hakuiona.

Hoja dhidi ya uzuri katika funiko la maskini ni za aina mbili, na zote zina msingi katika Maandiko. Ya kwanza ni hoja ya unyofu. Nyaraka za Agano Jipya, hasa Waraka wa Kwanza wa Petro sura ya 3 na Waraka wa Kwanza kwa Timotheo sura ya 2, zinaonya juu ya mapambo ya nje na kuelekeza macho kwenye utu wa ndani, na onyo hilo lilisikika kwa nguvu katika eneo hili kupitia uamsho uliochipuka Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, ukavuka mpaka na kuingia katika makanisa ya Buhaya na Karagwe, ukihimiza toba ya wazi na maisha yasiyo na fahari. Mtu aliyelelewa katika roho hiyo anaweza kuona blanketi la rangi nyingi kuwa dalili ya moyo unaotafuta kusifiwa.

Ya pili ni hoja ya haki, na ndiyo nzito zaidi. Inasimuliwa katika Injili ya Marko, sura ya 14, kwamba mwanamke mmoja wa Bethania alipovunja chupa ya marhamu ya thamani na kummiminia Yesu kichwani, baadhi ya waliokuwapo walinung'unika kwamba marhamu yale yangeweza kuuzwa kwa zaidi ya dinari 300 na fedha zikapewa maskini. Manung'uniko yao yana mantiki ambayo kila mhasibu wa kikundi cha kuweka na kukopa anaielewa: kinachotumiwa kwa ajili ya uzuri hakiwezi kutumiwa mara ya pili kwa ajili ya mahitaji. Yesu alimtetea mwanamke yule kwa kusema kwamba amefanya jambo jema, ingawa hakukana wajibu kwa maskini, na wafasiri wamebishana tangu zamani kuhusu namna ya kuyashikilia mambo hayo mawili kwa pamoja.

Sasa, blanketi la viraka lina sifa moja ya pekee inayolifanya liwe mfano bora kuliko marhamu kwa ajili ya kulipima swali hili. Funiko la mtu mzima lenye upana wa sentimita 150 na urefu wa sentimita 195 linahitaji viraka 130 vya mraba, safu 13 zenye viraka 10 kila moja, ikiwa kila kiraka kitakatwa sentimita 16.5 kila upande ili kibaki sentimita 15 baada ya mshono. Viraka hivyo 130 vikiunganishwa ovyo, kama vilivyotoka mfukoni, vitatoa blanketi lenye joto fulani. Vikipangwa kwa kufikiri, vitatoa blanketi lenye joto lile lile. Kitambaa, uzi, ujazo na bitana havibadiliki hata kidogo. Hapa uzuri haumpokonyi maskini dinari hata moja, na kwa hiyo hoja ya haki, katika umbo lake la kawaida, haina pa kusimama. Kinachoongezwa ni uangalifu peke yake, na uangalifu ndicho kitu pekee katika kazi hii ambacho hakiwezi kupatikana kwa kuokoteza, kwa kuwa kila kitu kingine ndani ya blanketi hilo kiliwahi kuwa mabaki ya shughuli ya mtu mwingine. Anayempa mwenzake mabaki yaliyounganishwa bila kufikiri amempa kitu ambacho angekitupa. Anayempa mabaki yale yale yaliyopangwa kwa makini amempa sehemu ya akili na macho yake, na tofauti hiyo, hata kama haipimiki kwa mizani wala kwa rula, aliyefunikwa huiona.

Mjadala unaokaribiana sana na huu ulikuwapo miongoni mwa masufi, yaani Waislamu wa njia ya kuitakasa nafsi, ambao baadhi yao walivaa joho la viraka lililoitwa kwa Kiarabu murakaa kama alama ya kuuacha ulimwengu. Ali al-Hujwiri, aliyefariki Lahore katika karne ya 11, katika kitabu chake kiitwacho Kashf al-Mahjub, aliandika kwamba masheikh waligawanyika kuhusu namna ya kushona viraka hivyo: wengine walishikilia kwamba mshonaji asijisumbue hata kidogo, sindano ipite popote itakapoangukia, kwa sababu kujali mpangilio ni kurudi katika fahari iliyoachwa, wengine walishikilia kwamba mshono uwe mnyofu na wenye mpango, kwa sababu unyofu wa kazi ni ushahidi wa unyofu wa msingi anaousimamia mtu. Inastaajabisha jinsi watu waliokwisha kuacha mali zote walivyoona mshono wa kiraka kuwa jambo la kubishaniwa, na sababu yake si ngumu kuielewa, kwani walijua kwamba katika umaskini, ambako mtu hana kingine cha kuchagua, namna anavyolitendea lile dogo alilo nalo ndiyo sura yote ya uhuru wake.

Kundi la pili lina haki zaidi, na hasa pale joho linaposhonwa kwa ajili ya mtu mwingine. Mtu anaweza kujinyima uzuri yeye mwenyewe kama nidhamu, na hakuna wa kumlaumu; lakini hawezi kumnyima mwenzake na kuuita ukali huo unyenyekevu. Zuhudi, yaani kujitenga na anasa kwa hiari, ni ya mwenye kuichagua. Ukimfunika mgonjwa aliyelala katika wodi ya hospitali ya Nyakahanga kwa kitu kilichoshonwa bila kujali, zuhudi si yako wala si yake. Neno linalofaa kuongoza fikra hapa ni stara, ambalo maana yake ni kumfunika mtu kwa namna inayomlindia heshima yake mbele ya watu, na stara haijawahi kuridhika na joto peke yake.

Ikikubaliwa kwamba uzuri wa funiko ni deni, linafuata swali la namna ya kulilipa, na hapo falsafa inalazimika kushuka hadi kwenye sindano. Mwaka 1839 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyekuwa msimamizi wa utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris, alichapisha kitabu kilichotokana na malalamiko ya wafumaji kwamba nyuzi zao nyeusi zilionekana hafifu. Alizipima nyuzi hizo akakuta weusi wake hauna kasoro yoyote. Kasoro ilitokana na rangi zilizowekwa kando yake. Alihitimisha kwamba jicho haliioni rangi ikiwa peke yake, bali kila rangi hubadilishwa na jirani yake, ya giza ikionekana ya giza zaidi kando ya ile ya mwanga, na nyekundu ikiwaka zaidi kando ya kijani. Ugunduzi huo wa mkemia una uzito wa kifalsafa, kwa maana unaonyesha kwamba kipande cha kitenge kilichoonekana kibaya dukani hakina ubaya wa kudumu, kwani sifa yake haijakamilika mpaka kipate majirani. Wanafikra wa Kiafrika waliosisitiza kwamba mtu hutimia katika jamii yake wangeutambua ukweli huo mara moja, ingawa tahadhari inahitajika, kwa kuwa binadamu ana thamani hata akitengwa, na kiraka hakina.

Kwa mshonaji, matokeo yake ni kwamba kazi ya rangi huanza kwa mwanga na giza kabla ya majina ya rangi. Vipande vyote hutandazwa juu ya mkeka na kugawanywa katika mafungu matatu, vya mwanga, vya kati na vya giza, na njia rahisi ya kuvitambua ni kuvitazama kwa macho yaliyofumbwa nusu, au jioni mwanga unapopungua, wakati ambapo tofauti za rangi hufifia na tofauti za mwanga hubaki. Hata mpango ulio rahisi kuliko yote, wa kiraka cha giza kukaa kando ya kiraka cha mwanga kutoka safu hadi safu, humpa mtazamaji utulivu ambao vitenge 10 vya bei kubwa vilivyorundikwa pamoja haviwezi kuutoa. Michoro mikubwa ya kitenge hupigana ikiwekwa bega kwa bega, na hapo mabaki ya sare za shule huja kuwa msaada mkubwa, kwani kiraka kisicho na mchoro hulipumzisha jicho na kumfanya jirani yake asikike.

Kuhusu rangi zenyewe, nchi ya Karagwe na Kyerwa ni mwalimu wa kutosha kwa mtu anayeitazama. Shamba la migomba lina kijani cha namna nyingi, kuanzia jani changa linalopitisha mwanga hadi jani lililokomaa lenye giza, na chini yake kuna kahawia ya majani makavu ambayo huzituliza kijani zote. Mti wa mbuni una kijani kilichokolea ambacho ndani yake punje nyekundu za kahawa iliyoiva ni chache, na zinaonekana kwa mbali kwa sababu ni chache. Udongo wa barabara ni mwekundu wa kutu, na mafunjo ya mabonde ya Mto Kagera yana kijani chenye vumbi kinachoelekea kijivu. Mshonaji anaweza kuchukua kijani tatu, kahawia moja na nyekundu kidogo sana, pengine kiraka kimoja katika kila kumi, akapata blanketi ambalo mtu wa Mabira au Murongo atalitambua kuwa la kwao bila kuambiwa. Kwa anayependa maumbo makali, ng'ambo ya Mto Kagera, katika wilaya ya Kirehe nchini Rwanda, iliyo sehemu ya eneo la kale la Gisaka, kuna sanaa ya imigongo, michoro ya mapembe na mistari ya kupindapinda inayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe na kupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Maumbo yake mengi yanaweza kuundwa kwa pembetatu zilizopatikana kwa kuukata mraba kutoka kona hadi kona, mradi tu mraba wenyewe ukatwe mkubwa kidogo ili kufidia mshono.

Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alitaja masharti matatu ya uzuri: utimilifu, yaani kitu kisipungukiwe na sehemu yake, uwiano, yaani sehemu zipatane, na ung'avu, ambao aliuhusisha na rangi angavu. Inaweza kudhaniwa kwamba blanketi la viraka hushindwa kwenye sharti la kwanza, kwa kuwa limeundwa kwa vitu vilivyokatwa kutoka katika vitu vingine, lakini dhana hiyo huchanganya asili ya sehemu na hali ya kitu kizima. Kitu hutimia kinapokuwa na yote yanayohitajiwa na kazi yake, na blanketi lisilofumuka, lisilopenyeza baridi na lisilochafua mashuka ni timilifu, ijapokuwa kila uzi wake una historia nyingine.

Kwa sababu hiyo, mambo yanayoitwa ya kiufundi tu ni sehemu ya uzuri kwa maana kamili ya neno, na kuyapuuza ni udanganyifu, kwa kuwa blanketi litakalopendeza siku ya kukabidhiwa na kuharibika baada ya kufuliwa limeahidi kisichokuwapo. Kila kitambaa hufuliwa kabla ya kukatwa, kila kimoja peke yake, ili kinachorudi kirudi mapema; na kitenge chenye nyekundu au bluu kali kikiwa bado kibichi hukandamizwa juu ya kitambaa cheupe, na kikiacha rangi hufuliwa tena au huachwa kabisa. Viraka hukatwa kwa kufuata uelekeo wa nyuzi za kitambaa, kwa kuwa kilichokatwa mshazari huvutika na kuupindisha uso wote. Kitambaa chepesi hakiunganishwi na jinzi, maana kizito hukichana chepesi kinapovutwa. Viraka hushonwa kwanza katika safu, safu zikapigwa pasi, kisha safu zikaunganishwa. Baadaye tabaka tatu hutandazwa juu ya sakafu iliyofagiwa, bitana ikiwa chini na imevutwa sawa, zikapigwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda inayozishika zisiteleze. Asiyekuwa na muda wa kushona juu ya uso mzima anaweza kufunga mafundo ya uzi mnene mahali pembe nne za viraka zinapokutana, na katika blanketi lililotajwa hapo juu mafundo hayo yatakuwa 108, yakitosha kuuzuia ujazo usikusanyike upande mmoja. Bandi hutolewa, upindo ukashonwa kuzunguka, na kazi imekwisha.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote bado halijajibiwa. Imesemwa kwamba uangalifu haupunguzi kitambaa, lakini uangalifu hutumia muda, na muda ndicho kitu adimu kuliko vyote kwa mwanamke wa kijijini, ambaye huamka kabla ya jua kwenda kuchota maji, hupalilia maharage na migomba, huanika kahawa katika msimu wake, hutafuta kuni na kupika. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba anadaiwa uzuri ni kumwongezea mzigo kwa jina la heshima, na historia ya dini ina mifano mingi mno ya mizigo iliyofungwa na watu wasioibeba. Pingamizi hili ni la kweli, na jibu lake haliwezi kuwa la maneno matupu.

Jibu ni kwamba deni hilo halimwangukii mshonaji peke yake. Kupanga viraka juu ya mkeka ni kazi ya macho zaidi kuliko ya mikono, na mzee asiyeweza tena kushika jembe anaweza kuifanya, mtoto aliyetoka shule anaweza kuifanya, na mume anayepumzika jioni hana sababu ya kutoifanya. Kitabu cha Kutoka, sura za 31 na 35, kinapoeleza kujengwa kwa hema la kukutania, kinamtaja Bezaleli kuwa amejazwa Roho wa Mungu ili abuni kazi za ustadi, na katika simulizi hiyo hiyo wanawake wenye hekima mioyoni walisokota nyuzi za bluu, zambarau na nyekundu. Akili ya kubuni na mikono ya kusokota vilichukuliwa kuwa huduma moja ya jumuiya nzima. Jumuiya inayotaka uzuri huku ikimwachia mtu mmoja gharama yake yote haijaelewa inachokidai.

Mfano wa Dorkasi wa Yafa, katika Matendo ya Mitume sura ya 9, unaongeza jambo ambalo mahubiri mengi huliruka. Alipofariki, wajane walisimama wakilia na kuonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa nao. Hawakutoa hesabu ya misaada aliyoigawa; walizionyesha nguo zenyewe, jambo linaloashiria kwamba ndani ya mishono ile waliuona uso wa mtu aliyewafikiria mmoja mmoja. Kwa upande mwingine, kisa cha Yusufu katika Mwanzo sura ya 37 kinatoa onyo, kwa kuwa vazi zuri alilopewa mtoto mmoja kati ya wengi lilizaa wivu uliokaribia kuwa mauaji. Mzazi mwenye watoto wanne na blanketi moja zuri ana wajibu wa kuufikiria usiku wa hao watatu.

Lipo pia suala la mgeni. Tangu katikati ya karne ya 20, wanawake wa makanisa ya Kilutheri nchini Marekani wameshona mablanketi ya viraka na kuyatuma, kupitia shirika la Lutheran World Relief lililoanzishwa mwaka 1945, kwa watu waliokimbia vita na majanga katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo. Karagwe inaijua hali hiyo kwa karibu. Mwaka 1994, wakati takriban watu 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja, wakimbizi wengine kutoka Rwanda waliwekwa katika kambi za wilaya hii, zikiwamo Chabalisa na Kagenyi, na walibaki mpaka mwishoni mwa 1996. Katika hali kama ile, kipande kimoja cha nguo nzito huwa kitanda, ukuta, mbeleko na sanda. Anayeshona kwa ajili ya mtu atakayekitumia hivyo hamjui jina, hajui apendavyo wala asivyopenda, na hawezi kutarajia shukrani. Hata hivyo akiipanga rangi kwa makini, amemhesabia mtu huyo asiyemjua kuwa ana macho, wala si mwili tu unaotetemeka. Wala hali ngumu haizuii uzuri: katika kijiji cha Gee's Bend, Alabama, wajukuu na vitukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba walishona mablanketi kwa suruali na mashati ya kazi yaliyochakaa, kwa ajili ya nyumba zilizopenyezwa na upepo, na kazi zao zilipoonyeshwa Houston na New York mwaka 2002 zilihesabiwa na wahakiki miongoni mwa kazi kubwa za sanaa za Marekani. Wanawake wale walishona kwa ajili ya watoto wao kulala, na uzuri ulikuwamo kabla mtaalamu yeyote hajafika.

Vikundi vya wanawake katika parokia za Jimbo Katoliki la Kayanga na katika sharika za Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, pamoja na akina mama wa misikiti ya wilaya hizi mbili, tayari wana desturi ya kumtembelea mzazi aliyejifungua na mgonjwa aliyelazwa. Wanaombwa kuwaendea mafundi cherehani wa Kayanga na Nkwenda na kuwataka wasichome mabaki yao, wayaweke katika gunia. Na kabla ya uzi wa kwanza kupita, viraka vyote vitandazwe juu ya mkeka mahali penye mwanga, vitazamwe na wote waliopo, watoto wakiwamo, na vibadilishwe nafasi mpaka wakubaliane kwamba kila mmoja wao angependa kufunikwa hivyo.